Utenzi wa Zimwi la Mukuru

Leteni wino mweusi
na karatasi nyepesi,
niandike kwa nafasi
sifa za zimwi, jamani.

Si lile la kale kale,
lenye jicho huku, kule,
lilokula watu tele
wakasongana tumboni.

Hili langu la godoro
lenye madoa, michoro,
shilingi mia kasoro
Gikomba pale sokoni.

Macho makopo ya Kimbo,
mkia wa bomba kombo,
lisilofanana umbo
na kitu ulimwenguni.

Mtunzi, bwana Ombima,
kwa harusi alivuma;
kamera ya kuazima,
kanda moja mkononi.

Mwaka mito ilijaa,
Mukuru hapana taa,
waigizaji na njaa
wakajitosa mtoni.

Ndani yake yu Musembi,
bawabu mwenye kitambi;
akakohoa kwa vumbi:
ndiyo ngurumo, jueni.

Zipu mgongoni wazi,
na kwenye ukucha, uzi.
Wasemao ni upuzi
hawana macho usoni.

Zipu hiyo ina siri:
aliye zimwi dhahiri,
mtu ndani husubiri
kutoka nje, upepeni.

Alikuwapo Nyaboke,
na wigi si mali yake.
Kilio chake, makeke!
Polisi kawa njiani.

Wakaja wawili, mbio.
Kwa Ombima, fanikio:
akalinasa tukio,
akawalipa maini.

Mtu mmoja, Odumbe,
aliuawa kwa pembe,
akafufuka na jembe,
kafa tena mtaroni.

Watu walikuwa haba,
sita wakafanya saba;
aliyekufa, akiba,
hurejea uwanjani.

Kuku akapita mbele
vita vikiwa kilele,
akalifukuza lile,
likatimka mbioni.

Niliiona Kayole,
ukumbi wa bati ule:
kumi nyuma, tano mbele,
watoto ni sakafuni.

Watu walicheka sana,
wengine wakigongana;
mwenzenu nikajibana,
mkojo u mapajani.

Kuna kipande kimoja:
zimwi, chini ya daraja,
lajikuna likingoja,
kunguni wamo mwilini.

Kunguni hawakutungwa,
hawakulipwa, kupangwa;
ni waigizaji bingwa
wa pekee filamuni.

Lajikuna, latazama
maji na taka za nyama;
nikaona, kwa huruma,
baba yangu wa lindoni.

Akirudi na baridi,
pasipo kubisha hodi,
hujikuna kwa juhudi,
kisha hulala kitini.

Basi tufike tamati:
zimwi juu ya mabati
lanyanyua, kama kuti,
mkono wake hewani.

Na papo hapo, ghafula,
twaona watu wakila
pilau, keki, na hela;
bi harusi yu shelani!

Kanda moja, ndugu zangu,
kazi mbili, ulimwengu!
Harusi ilete fungu,
akairekodi ndani.

Kayole hatukujua.
Tulidhani limeoa!
Kinamama wakatoa
vigelegele gizani.

Kinyozi, bwana Gatume,
husema: "Huyo ni mume!
Suti hiyo, itazame:
mkia, surualini!"

Mke wake akakana:
"Zimwi ni mama wa bwana,
macho yataka kuchana,
amenunia sahani."

Leo ukumbi ni duka
la nepi, sabuni, shuka;
kanda ikasokoteka,
ikatupwa jalalani.

Yapo mazimwi ya bei;
mimi hayanisumbui.
Hayana zipu, si hai,
hayaumwi na kunguni.

Usiku nikipitia
daraja, huchungulia,
kikohozi kusikia
cha vumbi la godoroni.

Kaditama, nanyamaza.
Zimwi halijamaliza:
kwangu bado latandaza
mkono wake hewani.